Tairi Linalojiziba

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi wa sasa.)



Katibu aliponiandikia, alipendekeza nizungumze juu ya utumishi wa umma na maendeleo. Nilimjibu kwamba juu ya jambo hilo mmekwisha kusikia hotuba nyingi, na baadhi yake nimeziandika mimi mwenyewe ili zisomwe na wakubwa zangu. Kwa hiyo leo naomba ruhusa nizungumze juu ya tairi la baiskeli. Mkiona nimepotea njia, Mwenyekiti anayo kengele.

Tuliolala bweni moja mnakumbuka sanduku langu. Halikuwa na kufuli. Lilifungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Baba yangu ni fundi baiskeli wa Kilwa Kivinje. Ada yangu ililipwa kwa viraka: kusugua tyubu kwa msasa, kupaka solusheni, kungoja ikauke, kubandika, kugonga kwa nyundo, kisha kuitumbukiza tyubu katika karai la maji kutazama kama mapovu yangali yanatoka. Nimelijua karai lile kabla sijaijua alfabeti.

Vijana, nataka mjue kwanza kwamba tairi si jambo geni katika pwani hii. Mwishoni mwa miaka ya 1880, mjini Belfast, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop alimtengenezea mwanawe matairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Mtu mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kuandikisha wazo kama hilo mwaka 1845, lakini wakati ule hapakuwa na baiskeli za kulitumia. Baada ya Dunlop, Ulaya na Marekani zilishikwa na homa ya baiskeli, na dunia nzima ikatafuta mpira.

Mpira mwingine ulitoka huku kwetu. Katika misitu ya Donde na Liwale humea mtambaazi wa jamaa moja na mbungo. Nyote mmekula mabungo, na mnaujua ule utomvu mweupe unaonata vidoleni. Baada ya biashara ya watumwa kwa njia ya bahari kupigwa marufuku mwaka 1873, mpira wa porini ukawa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizopita bandari ya Kilwa Kivinje. Wagemaji walikata gome, utomvu ukatoka, ukaganda upesi ulipopigwa na hewa, nao wakauviringa kuwa madonge na kuyabeba hadi pwani. Wadachi nao walianzisha mashamba ya mpira, lakini mwaka 1913 bei ilianguka kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa mwingi na rahisi. Biashara ile ikafa. Mtambaazi ungalipo.

Kumbukeni jambo hilo moja: utomvu ule huganda unapopigwa na hewa. Mti hujiziba jeraha lake wenyewe. Nitalirudia.

Sasa nije kwenye tairi langu. Magari yamekuwa na matairi yasiyo na tyubu tangu miaka ya 1940 na 1950. Baiskeli za milimani ziliyapata mwaka 1999, na za resi zilianza kuyapata mwaka 2006. Mafundi wetu huyaita tyubulesi. Ukingo wa tairi hubana sana kwenye rimu hata upepo usipate pa kutokea, na ndani humiminwa dawa ya kuziba, mililita 40 hivi. Dawa nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa utomvu wa mpira uliozimuliwa. Mwiba ukitoboa tairi, upepo huisukuma dawa kwenye tundu, nayo hukutana na hewa na kuganda. Ni ule ule ujanja wa mtambaazi wa Liwale, umezunguka dunia na kurudi kwetu ndani ya kichupa cha plastiki.

Mwaka 2022 nilinunua baiskeli ya resi, ya mtumba, kutoka Dar es Salaam. Matairi yake yalikuwa ya namna hiyo. Ndugu zangu, sitaki kuwadanganya: ni matairi mazuri. Kwa kuwa hamna tyubu ya kubanwa kati ya rimu na jiwe, unaweza kupunguza upepo kidogo na kupita kwenye lami iliyobanduka bila mgongo kulalamika. Siku moja, nikitoka Lindi kwenda Mchinga, nilipita juu ya mbigili. Zamani hapo ningeshuka na kutafuta kivuli. Safari hii nilisikia "fss" mara mbili tatu, likatokea doa jeupe kwenye tairi, kisha kimya. Nikaendelea. Nilijiona mtu mwerevu kuliko baba yangu.

Nilipokwenda Kivinje nikamwonyesha.

"Baba, hii haina tyubu."

Akaizungusha gurudumu. "Na pancha ikija, nani ataiziba?"

"Inajiziba yenyewe."

Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na hicho kinachoziba, kikiisha?"

Nilicheka. Nikamwambia kwamba ufundi wake unaelekea kwenye makumbusho. Nilisema kwa mzaha, naye akacheka. Lakini neno hilo nililisema mimi, mtoto aliyesomeshwa kwa viraka, na leo nalikiri mbele yenu.

Jibu la swali lake ni hili: inaisha. Dawa ile hukauka ndani ya tairi, na katika joto la pwani yetu hukauka upesi zaidi kuliko katika nchi za baridi. Yafaa kuitazama kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mimi niliiongeza Julai 2023, kisha nikasahau. Na kwa nini nisisahau? Tairi lilikuwa limejaa upepo kila asubuhi. Tyubu mbovu hukusumbua mpaka uihudumie. Tairi linalojiziba hukaa kimya, nawe kimya chake unakihesabu kuwa ni uzima.

Mapema mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mnakumbuka: barabara ya Lindi na Dar es Salaam ilikatika sehemu za Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Nilikuwa likizo, Kivinje. Kichupa cha dawa ya tairi nilichokuwa nimeagiza Dar es Salaam kilikwama huko huko. Kwa muda mrefu nilipenda kuilaumu barabara. Lakini barabara ilikatika kwa siku chache. Mimi nilikuwa nimezembea kwa miezi kumi.

Siku hizo vidonge vya presha vya mzee viliisha. Nikasema nitakwenda kuvitafuta Masoko, safari isiyofika kilomita 30, na kwa baiskeli yangu ningerudi kabla ya magharibi. Ndugu mmoja alitaka kuniitia pikipiki, nikakataa. Vidonge nilivipata. Kurudi, nilipokwisha kuipita Mpara, waya mwembamba wa tairi chakavu la lori ulichoma gurudumu la nyuma. Nikasikia ile "fss". Nikangoja doa jeupe. Doa halikutokea.

Sikuwa na tyubu ya akiba, kwa kuwa baiskeli yangu ni ya kisasa. Pampu niliyokuwa nayo ni ile ndogo ya mkononi. Nilipampu mpaka mikono ikatetemeka, na upepo ukatoka kama ulivyoingia. Mvua ikaanza, simu ikaloa. Pikipiki mbili zilipita, zote zimejaa watu. Nilisukuma baiskeli zaidi ya saa tatu gizani, vidonge vya baba yangu vimefungwa katika mfuko wa plastiki ndani ya shati. Sikumbuki nilikuwa nikifikiri nini, ila nakumbuka nilikuwa nikihesabu saa tangu alipomeza kidonge cha mwisho.

Nilimkuta amekaa barazani. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu alasiri, lakini hakusema mpaka alipokwisha kumeza dawa. Alipomeza, akasema, "Lete gurudumu."

Alilifungua tairi. Dawa haikuwamo. Ndani mlikuwa na ngozi nyembamba ya mpira iliyokauka na donge moja dogo, la ukubwa wa kunde. Akaliviringa kati ya vidole.

"Hukufungua tangu lini?"

"Tangu Julai."

"Julai ya mwaka jana?"

Sikumjibu. Hakuniongezea neno. Akachukua tyubu ya Phoenix iliyokuwa ikining'inia msumarini, ina viraka vinne. Nozeli yake haikupita, maana tundu la rimu yangu lilikuwa dogo, milimita 6 na nusu, na nozeli ile inataka 8. Akachukua tupa ya mviringo akalipanua tundu taratibu, akalainisha kingo zake kwa msasa zisije zikakata mpira. Tyubu ilikuwa pana na ndefu kupita kiasi; akaikunja kwa uangalifu, akarudisha tairi, akajaza upepo. Halafu akasema, "Sasa fundi yeyote, kutoka hapa mpaka Liwale, anaweza kukusaidia."

Ndugu zangu, nimefanya kazi serikalini karibu miaka 20, na katika semina zote nilizohudhuria sijapata maelezo mafupi kama hayo juu ya kuchagua chombo.

Sikuja kusema kwamba tyubu ni bora na tyubulesi ni ubaya. Leo gurudumu langu la mbele halina tyubu, na la nyuma lina tyubu. Nimekuja kusema kwamba chombo kinachojihudumia chenyewe hakipo. Kuna chombo ambacho huduma yake inaonekana, na kuna ambacho huduma yake imefichwa ndani. Hicho cha pili ndicho kinachohitaji mtu mwaminifu zaidi, kwa sababu hakitamkumbusha.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo sikulipanga nilipoanza kuandika hotuba hii. Usiku ule, nikisukuma baiskeli, nilikumbuka pampu ya maji katika kijiji kimoja nisichokitaja. Nilipelekwa kuikagua. Nilifungua bomba, maji yakatoka, nikaandika "inafanya kazi vizuri", nikatia sahihi. Sikuuliza ilifunguliwa lini kwa mara ya mwisho, wala nani anazo spana zake. Baada ya miezi michache ilisimama, na kina mama wakarudi kwenye kisima cha mbali. Hakuna aliyeniuliza. Karatasi yangu ilikuwa safi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba kuna ufa usioonekana mpaka uinue mkeka.

Kwa nyinyi vijana mtakaomiliki matairi haya, maana yatazidi kuenea, nina mashauri matatu.

Kwanza, andikeni tarehe. Mimi naiandika kwenye kipande cha plasta ninachobandika kwenye spoki. Ikipita miezi miwili, fungueni mtazame. Msisikilize tu upepo.

Pili, chukueni tyubu ya akiba, kamba ya mpira ya kuchomeka tunduni, na pampu. Dawa huziba tundu la mwiba. Haizibi mpasuko wa ubavuni. Kuwa na tyubu si kukosa imani na tairi.

Tatu, kabla hamjanunua chombo chochote, baiskeli au kompyuta, ulizeni nani aliye karibu anaweza kukitengeneza. Kama hayupo, basi jifunzeni ninyi kuwa huyo mtu, au kiacheni dukani.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Nimeambiwa wako wanafunzi wa kutwa wanaokuja hapa kwa baiskeli kutoka mbali, na pancha moja huwagharimu vipindi vya asubuhi nzima. Naomba chama chetu kinunue sanduku moja la vifaa: pampu ya kusimama, vyuma vya kufungulia tairi, msasa, solusheni, viraka, spana na karai. Likae chini ya mwembe ule, likiwa na daftari, na kila mwaka wanafunzi wawili wakabidhiwe funguo zake kwa sahihi. Pampu naitoa mimi. Karai limetolewa na baba yangu. Lina kutu kidogo ukingoni, lakini halivuji. Ameahidi kuja mwenyewe, Mungu akipenda, kuwafundisha hao wawili wa kwanza, na amesema atafurahi wakiwa wasichana na wavulana.