Samaki wa Maji ya Baridi na Sheria Zake

(Hotuba kwa wakaao kando ya mito ya Mlima Kenya na Nyandarua)



Nimeombwa kusema nanyi juu ya samaki aitwaye trauti, na juu ya leseni na sheria zimhusuzo. Najua ya kuwa habari hii haimpendezi kila mtu. Yuko mzee ambaye akilisikia jina la samaki huyu hukumbuka walinzi wa mto na faini. Yuko kijana asemaye, "Mto wapita chini ya shamba la baba yangu, ni nani wa kunikataza nisitie wavu?" Na yuko mwingine asemaye ya kuwa trauti ni mchezo wa wageni, wala hautuhusu. Maneno hayo yote yana sababu, nami sikuja kuyadharau. Nimekuja kueleza asili ya sheria hizi, maana yake, mahali zilipouma pasipo haki, na faida tutakayoiona tukizishika. Kisha kila mtu na apime mwenyewe.

SAMAKI HUYU NI NANI?

Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Wako wa namna mbili. Wa kwanza ni trauti wa kahawia, ambaye asili yake ni Ulaya. Mwili wake una madoa meusi na mekundu. Wa pili ni trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini. Huyu ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni.

Wote wawili hutaka maji ya baridi, safi, yaendayo mbio. Maji yakipata joto kupita kiasi cha digrii 20 hudhoofika, maana maji ya moto hayachukui hewa ya kutosha. Chakula chao ni wadudu wa majini na wale waangukao mtoni, na kaa, na vyura, na samaki wadogo.

Uzazi wake yafaa tuuelewe vizuri, kwa kuwa sheria nyingi zimetoka hapo. Jike huchimba shimo kwa mkia wake katika changarawe ya mtoni, hutaga mayai humo, dume huyarutubisha, kisha jike huyafunika kwa changarawe. Jike mwenye uzito wa kilo moja aweza kutaga mayai yapatayo 2000. Katika maji ya digrii 10, mayai ya trauti wa upinde wa mvua huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi, na ya trauti wa kahawia baada ya majuma sita hivi. Muda huo wote mayai huvuta hewa kutoka katika maji yapitayo kati ya mawe madogo. Tope likiziba nafasi hizo, mayai hufa yote, hata kama hapana mtu aliyeyagusa.

ALIVYOFIKA

Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape mpaka Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven katika nchi ya Scotland, na vifaranga wake wakatiwa katika mto Gura, huko Nyandarua. Wakati ule hapakuwa na reli ya kwenda Nyeri. Hata Thika reli haikufika mpaka mwaka 1913. Basi fikirini taabu ya kuchukua mayai, kitu ambacho joto la siku moja laweza kukiharibu, toka meli mpaka gari la moshi, na toka gari la moshi mpaka mlimani. Mwaka 1910 wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika ya Kusini. Baadaye mito mingine ikapandwa samaki hao, kama Thego, Sagana, Naro Moru, Burguret na Nanyuki.

Mwaka 1948 Serikali ilijenga vituo viwili vya kuzalisha samaki: kimoja Sagana, kwa samaki wa maji ya joto, na kimoja Kiganjo, karibu na Nyeri, kwa trauti.

SHERIA ZA ZAMANI

Katika siku za utawala wa Waingereza trauti alikuwa na sheria yake peke yake, mbali na sheria ya samaki wengine. Ulinzi wa samaki uliwekwa chini ya Idara ya Wanyama, na ofisa aliyehusika, kama desturi ya siku zile, watu walimwita Bwana Samaki.

Mambo makubwa ya sheria hizo yalikuwa haya. Kwanza, mtu asivue trauti pasipo leseni, nayo ililipiwa ada. Pili, avue kwa fimbo na mshipi tu, na mwisho wa mshipi pawe na nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Tatu, samaki mdogo kupungua kipimo arudishwe majini yu hai. Nne, idadi ya samaki wa siku moja iwe na mpaka. Tano, nyavu, migono, utupa na baruti ni marufuku kabisa.

SABABU ZAKE

Asiyejua maana haambiwi maana, husema wahenga. Lakini sheria isiyoelezwa maana huonekana kuwa ni uonevu mtupu. Basi na tuzitazame moja moja.

Kwa nini nzi wa bandia, wala si nyungunyungu? Kwa sababu samaki alaye nyungunyungu humeza ndoana mpaka tumboni, na ukimrudisha majini atakufa. Aliyedanganywa na nzi mara nyingi hushikwa mdomoni, naye aweza kufunguliwa akaenda zake. Sheria ya kurudisha samaki wadogo haina maana ikiwa wale wanaorudishwa ni maiti.

Kwa nini kipimo? Ili kila samaki apate kuzaa walau mara moja kabla ya kuvuliwa. Mfugaji hachinji mtamba ambaye hajazaa bado.

Kwa nini utupa umekatazwa? Mti huu wajulikana tangu kale: majani yake hupondwa yakatiwa majini, na samaki huelea. Lakini sumu yake haichagui. Humzuia samaki asiweze kuitumia hewa, mkubwa na mdogo pamoja, na huua hata wadudu ambao ndio chakula cha wale watakaosalia. Mvuvi wa utupa hupata kapu moja leo, na kesho hapana la kupata, wala kwake, wala kwa jirani yake wa chini.

Na leseni je? Leseni hufanya kazi mbili. Humjulisha mwangalizi ni watu wangapi wavuao, na hutoa fedha za ulinzi na za kuzalisha vifaranga. Mali iliyo ya wote ikichukuliwa na kila mtu bure, mwisho wake hubaki si mali ya mtu yeyote.

MAHALI PALIPOUMA

Nimesema sababu za sheria. Sasa haki yataka niseme na upande wa pili.

Wakikuyu wa zamani hawakula samaki. Haikuwa desturi yao. Basi sheria ililinda kitu ambacho mwenyeji hakukiomba, na huku ikamfanya atazamwe kwa mashaka akionekana ukingoni mwa mto ambao babu zake walichota maji humo. Ada ya leseni ilitakiwa kwa fedha taslimu, katika siku ambazo mtu wa kijijini alitafuta fedha kwa shida ili alipe kodi ya nyumba yake. Fimbo na mishipi vililetwa kutoka ng'ambo. Kwa hiyo hata pale ambapo karatasi ya sheria haikutaja rangi ya mtu, mlango wenyewe ulikuwa mwembamba, na waliopita walikuwa karibu wote Wazungu.

Tena mashamba mengi ya nyanda za juu yalikuwa yametengwa kwa walowezi, na mto upitao ndani yake ukawa kama umo nyuma ya ukuta. Nyumba ya Sagana, aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake ya mwaka 1947, ilijengwa kando ya mto wenye trauti. Humo ndimo alimopata habari ya kifo cha baba yake tarehe 6 Februari 1952. Mwaka ule ule ilitangazwa Hali ya Hatari, na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikawa mahali pa vita. Mzee aliyeyaona hayo, akimchukia samaki yule, tusimwone mjinga. Yeye hakuona samaki, aliona ardhi.

Liko na jambo la tatu. Waliopanda trauti hawakuuliza kwanza ni viumbe gani waliomo katika vijito vile, wala wangapi watapungua kwa kuliwa. Leo wataalamu wa nchi nyingi hawamruhusu mtu kutia samaki mgeni mtoni pasipo uchunguzi. Basi asiwepo kati yetu wa kuchukua samaki wa mto huu akamtia katika mto mwingine kwa hiari yake.

HALI YA LEO

Nchi ilipata uhuru mwaka 1963. Mwaka 1989 ilitungwa Sheria ya Uvuvi, na mwaka 2016 Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imehesabu mito na maziwa kuwa ni ardhi ya umma. Neno hili ni kubwa. Maana yake si kwamba kila mtu atavua apendavyo. Maana yake ni kwamba mto si wa tajiri aliye juu, wala si wa mwenye shamba lililo ukingoni, bali ni amana ya watu wote. Zamani sheria ililinda samaki wa wachache. Leo avunjaye sheria huwaibia majirani zake mwenyewe.

Leseni ingali yatakiwa. Atakaye kuvua na aende kwa ofisa wa uvuvi wa kaunti, aulize ada, kipimo na idadi iliyoruhusiwa kabla ya kushika fimbo. Na mito iliyomo ndani ya hifadhi za Taifa za Mlima Kenya na Nyandarua ina masharti ya hifadhi juu ya hayo.

YATUPASAYO

Walakini, ndugu zangu, nawaambia kwa yakini: leseni peke yake haitamwokoa samaki huyu. Mlinzi aweza kumkamata mwenye wavu, lakini hawezi kulikamata tope. Kumbukeni nilivyosema juu ya mayai katika changarawe. Tukilima mpaka ukingoni, tukikata miti ya kivuli, mvua moja kubwa itashusha udongo wa shamba mtoni, na kizazi kizima cha samaki kitafukiwa usiku mmoja. Na hasara ya kwanza si ya samaki. Ni ya shamba lililopoteza udongo wake.

Vivyo hivyo dawa. Maji ya kuogeshea ng'ombe yakimwagwa mtoni huua. Pareto, ambayo ni mazao ya nyanda zetu, ni sumu kali kwa samaki. Bomba la kunyunyizia dawa lisioshwe mtoni hata mara moja.

Trauti ni shahidi wa maji. Mahali anapoishi, maji ni baridi, safi, na yenye hewa. Akitoweka, yafaa tuulize kwa nini, kwa kuwa maji yale yale twayanywa sisi na watoto wetu. Gura, Thego na Sagana hupeleka maji Tana. Naro Moru, Burguret na Nanyuki huyapeleka Ewaso Ng'iro, ambako mfugaji wa Isiolo hungoja. Tuliokaa juu ndio tulioshika mdomo wa mtungi.

Faida nazo zipo. Mkulima mwenye maji ya baridi yasiyokatika aweza kufuga trauti wa upinde wa mvua katika bwawa, akitafuta vifaranga wa Kiganjo. Lakini kwanza apate ruhusa ya kuchukua maji, na maji atakayoyarudisha yawe safi. Kijana ajuaye mto aweza kuwa kiongozi wa wageni wavuao, akapata ujira wa halali. Mgeni hatakuja kwenye mto mtupu. Kijana auaye samaki mia kwa utupa ili apate fedha za siku moja amekula mbegu.

Nimalizie kwa ombi. Kila kijiji kilicho kando ya mto kichague watu wachache, wazee kwa vijana, na wa kike wasiachwe nyuma, maana wao ndio wachotao maji na kuyajua. Watu hao wakutane na ofisa wa uvuvi, wazijue sheria, waziandike kwa lugha ielewekayo na kuzibandika mahali pa mkutano. Ikiwa ada ni nzito kwa mwenyeji, na waseme hapo hadharani, kwa kuwa sheria ya leo yaweza kurekebishwa kwa sauti ya raia, jambo ambalo baba zetu hawakupewa. Na waupande ukingo miti ya asili, tangu kijito cha juu mpaka daraja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

 Wenye maswali na waulize.