Mwenye Kuijua Kasoro Akanyamaza

Hotuba ya Ijumaa juu ya bidhaa bandia za magari na sumu zilizomo ndani yake

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, ajuaye lililo wazi na lililofichwa ndani ya vifua. Tunamhimidi, tunamtaka msaada, na tunamwomba maghufira. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu mliokusanyika, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo nataka tuzungumze juu ya kuuza na kununua, kwani mtu huweza kusali safu ya mbele Ijumaa, kisha Jumamosi akaiuza akhera yake juu ya meza ya duka.

Wanavyuoni wetu, na miongoni mwao Imamu al-Ghazali, wamesimulia habari ya sahaba aitwaye Wathila bin al-Asqa (R.A.). Alikuwa amesimama mahali ambapo mtu mmoja aliuza ngamia kwa dirhamu 300. Wathila alikuwa ameghafilika kidogo, na alipozindukana akaona mnunuzi amekwisha kuondoka na mnyama wake. Basi akamkimbilia nyuma akimwita. Akamwuliza kama amemnunua yule ngamia kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya kupanda. Yule mtu akajibu kwamba ni kwa kupanda. Wathila akamwambia kuwa yeye ameona tundu katika wayo wa mnyama yule, na kwamba hataweza kuendelea na safari. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu 100. Muuzaji akamlaumu Wathila kuwa amemharibia biashara yake. Wathila akajibu kwamba wao walimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu.

Tazameni, ndugu zangu. Wathila hakuwa muuzaji, wala hakuwa mnunuzi, wala hakupata ujira wowote katika biashara ile. Alikuwa mtu aliyepita na akaona. Lakini alijua kwamba kule kuona kwake kumemtwika amana. Na angalieni swali alilouliza. Ngamia wa kuchinjwa, tundu la wayo halimdhuru mlaji. Ngamia wa kupandwa, tundu lile lingemwacha mtu jangwani pasipo maji. Ngamia alikuwa ndiye gari la watu wa zama zile, na wayo wake ndio uliokuwa gurudumu lake.

Sasa na tuje hapa kwetu. Ilemela yetu, tangu Kirumba hadi Pasiansi, Buzuruga na Nyakato, riziki ya nyumba nyingi imefungamana na magari. Kuna malori yachukuayo dagaa na samaki kutoka Mwaloni, daladala zipelekazo watoto wetu shuleni, bodaboda, na mabasi ya Musoma na Shinyanga. Na palipo na magari pana gereji na maduka ya vipuri. Kazi hiyo ni halali na ina baraka. Lakini imeingiliwa na watu wauzao mafuta ya breki ambayo si mafuta ya breki, maji ya rejeta ambayo ni sumu isiyotajwa, oili chafu iliyochujwa na kutiwa tena katika makopo yenye lebo mpya, na pedi za breki zenye chapa ya uongo.

Siku moja baada ya sala ya Isha alinijia kijana aliyepata kusoma katika madrasa yetu, ambaye sasa ni fundi msaidizi. Amenipa ruhusa niyasimulie haya bila ya kumtaja. Aliniambia, "Maalim, nina jambo linaninyima usingizi." Nikamwambia, "Sema, mwanangu." Akasema kwamba mchana ule aliletewa chupa ya mafuta ya breki, lakiri yake nzima na lebo yake inang'aa. Alipoyamimina aliyaona mepesi kama maji, yakinuka harufu kama ya spiriti. Akamwambia tajiri wake. Tajiri akamjibu, "Wewe tia, mteja anasubiri." Naye akatia. Gari lile lilikuwa daladala lichukualo wanafunzi asubuhi. Kisha akaniuliza, "Maalim, dhambi hii ni ya nani? Ya aliyetengeneza, ya tajiri wangu, au yangu?"

Nilimwambia, "Hesabu ya dhambi tutaifanya kesho. Usiku huu gari limelala, na alfajiri litakuwa barabarani. Mtafute dereva."

Ndugu Waislamu, ili mfahamu kwa nini nilimharakisha, fahamuni kazi ya mafuta yale. Dereva akanyagapo breki, nguvu ya mguu wake huchukuliwa na mafuta yaliyomo katika mabomba mpaka kwenye magurudumu, na huko msuguano huzaa joto kali. Mafuta ya kweli yametengenezwa yastahimili joto hilo. Yale ya daraja liitwalo DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na spiriti ya sumu iitwayo methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi. Kitu kikichemka ndani ya bomba hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Basi dereva hukanyaga, na mguu huzama hadi chini, na gari lisisimame. Tena jambo hili halitokei gari likiwa limeegeshwa gereji ambako mteja angeweza kuligundua. Hutokea kwenye mteremko, gari limejaa watu, breki zimekanyagwa mara nyingi na zimepata moto.

Huo ndio ubaya wa pekee wa hadaa hii. Mwenye kuuza mchele wenye mchanga humdhulumu yule aliyeununua. Mwenye kuuza breki ya uongo humdhulumu mtoto wa kiti cha nyuma, mama anayevuka barabara na kapu la samaki, na mwendesha baiskeli asiyejua hata hilo duka liko wapi. Hao hawakununua kitu, wala hawakuridhia bei, lakini ndio walipao.

Na sumu yake haiishii barabarani. Dawa ya kweli itiwayo katika maji ya rejeta aghalabu ina ethilini glikoli. Hiyo ni sumu, tena ina utamu, na mtoto akiionja huweza kutaka zaidi. Ikiingia mwilini hugeuka tindikali na chembe ziharibuzo figo. Waghushi hupunguza gharama kwa kutia methanoli badala yake, na hiyo ni sumu nyingine, ambayo hupofusha macho na kuua, tena hushika moto upesi karibu na injini. Mtoto akinywa na kukimbizwa hospitali, jambo la kwanza atakalouliza daktari ni, "Kanywa nini? Leteni chupa." Atasoma lebo ili ajue anapambana na sumu gani. Ikiwa lebo imesema uongo, basi yule muuzaji amemdanganya mnunuzi dukani, kisha akamdanganya na daktari kitandani mwa mgonjwa.

Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya kukisia. Mwaka 2022, katika nchi ya Gambia, ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Dawa za maji za kikohozi zilizoshukiwa zilipopimwa zilikutwa na daiethilini glikoli na ethilini glikoli, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwa ulimwengu mzima. Vitu hivyo ni vya jamii ile ile itumikayo katika maji ya rejeta na mafuta ya breki. Mahali pake ni katika mashine. Palipokosekana uaminifu na uchunguzi vikafika katika kijiko cha mtoto.

Nakumbusheni na mafundi wenyewe. Pedi za breki za bei ya kutupa huenda zikawa na asibesto. Vumbi lake likipulizwa kwa pampu ya upepo huingia mapafuni, na huweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au zaidi, wakati fundi amekwisha kusahau ni pedi zipi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliipiga marufuku asibesto tangu mwaka 2005. Na oili iliyokwisha kutumika hubeba madini mazito na vitu viletavyo saratani. Mafundi wetu huichovya mikono mchana kutwa, na ikimwagwa mtaroni, mvua huisukuma mpaka ziwani, ambako twachota maji ya kunywa na kuvua kitoweo.

Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akatia mkono katika lundo la chakula, na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Mwenye chakula akatoa udhuru kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini basi asikiweke kile kilicholowa juu, watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Ndugu zangu, lile lilikuwa lundo la chakula lililolowa kwa mvua ya Mwenyezi Mungu, na karipio likawa kali namna hiyo. Itakuwaje kwa aliyeilowesha bidhaa yake kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa sumu, kisha akaipiga lakiri ili mkono wa mtu usifike ndani?

Nasema maneno yangu haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu anighufirie mimi na nyinyi na Waislamu wote. Nanyi mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Ndugu Waislamu, yule kijana alikwenda. Kabla ya Alfajiri alisimama kituoni akamngoja dereva, akamweleza. Dereva alimtukana kwanza. Kisha akapanda, akakanyaga breki, na akaiona imelegea. Akateremka kimya, akalipeleka gari kwingine, mafuta yale yakamwagwa na mabomba yakasafishwa. Wanafunzi walichelewa shule siku ile, na hakuna aliyejua kwa nini. Na kijana alipofika kazini, tajiri alikuwa amekwisha kupata habari, akamfukuza.

Alinirudia akaniuliza, "Maalim, nimesema kweli. Sasa nitakula nini?"

Sikumjibu kwa wepesi, na hata leo sitaki kulijibu swali hili kwa wepesi. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuruzuku. Lakini Wathila alikuwa na jamii iliyokula ahadi ile ile pamoja naye. Kijana wetu alisimama peke yake gizani. Ikiwa sisi tunamtaka fundi aseme kweli, kisha tunamwacha alale na njaa kwa kuisema, basi sisi tumo katika kundi la wanaonyamaza. Fundi mmoja wa msikiti huu alipolisikia jambo hili alimchukua katika gereji yake kabla wiki haijatimia. Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Hilo ndilo jibu la swali lile, na linatutaka sote.

Kumbukeni pia yaliyotupata katika nchi yetu. Watu walipozidi kuchanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli, neno kuchakachua likawa katika kila kinywa. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji ikaanza kuyatia mafuta alama ya siri ili yatambulikane. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, ili kuchanganya kusiwe na faida tena. Dawa ile ilikuwa na sababu yake, lakini nani aliyeinywa? Ajuza mwenye kibatari, na mwanafunzi asomaye kwa taa ya chemli, ambao hawakuchakachua hata tone. Hivyo ndivyo hadaa ya wachache ilivyolipwa na masikini wengi.

Basi nakuombeni mambo haya. Wewe mwenye duka, usinunue mzigo usiojua asili yake kwa sababu tu bei yake ni rahisi; bei iliyopita kiasi kwa urahisi nayo ni dalili. Wewe fundi, chupa tupu na makopo ya zamani yatoboe kabla ya kuyatupa, ili mghushi asiyaokote na kuyajaza tena. Vaa kitu puani, wala usipulize vumbi la breki. Lifute kwa kitambaa kibichi. Oili chafu ikusanye katika pipa, usiimwage mtaroni. Wewe mama na baba, usitie maji ya rejeta wala tindikali ya betri katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Wewe dereva, ukiona breki imelegea, usiseme "nitamaliza ruti hii kwanza."

Na mwenye kuijua kasoro asinyamaze. Amwambie mnunuzi. Kisha asichelee kuipeleka habari kwa wanaohusika: Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kupambana na bidhaa bandia, na Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975 kwa ajili ya kusimamia ubora. Kutoa habari za sumu si kusengenya. Kusengenya ni kumvunjia mtu heshima bila ya haki. Huku ni kuzuia damu isimwagike.

Ama wewe uliyekwisha kuuza au kutia, mlango wa toba haujafungwa. Lakini toba ya haki za watu haitimii kwa istighfari ya ulimi peke yake. Mtafute uliyemuuzia, umwambie, umrudishie mali yake, na bidhaa ile iharibiwe. Fanya hivyo leo, kwani gari liko njiani.

Ewe Mola wetu, tutakasie chumo letu. Wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa ziwani. Wakinge watoto wetu na sumu tuijuayo na tusiyoijua. Wape mafundi wetu ujasiri wa kusema kweli, na utupe sisi moyo wa kusimama pamoja nao. Wasamehe wazazi wetu, waponye wagonjwa wetu, na uwarehemu waliotutangulia. Amin.

Simamisheni sala.