Mguu unawaka moto baada ya mgongo kupasuliwa
Mazungumzo na familia za Louisville, Columbus na Buffalo



Leo nasema na wale waliopasuliwa mgongo, kidonda kikapona, lakini mguu bado unawaka moto. Katika miji yetu yote mitatu nasikia maneno yale yale: "Daktari ameshamaliza, nivumilie tu." Mchana mtu anabeba maboksi, usiku halali.

Baada ya upasuaji, kovu hujijenga ndani kama linavyojijenga kwenye ngozi. Linaweza kuushika mshipa wa fahamu, maumivu yakashuka mpaka mguuni. Si uchawi. Sababu nyingine zipo pia, kwa hiyo daktari hupima kwanza.

Ikiwa ni kovu, kuna tiba ya kateta, yaani mrija mwembamba. Daktari Gabor Racz aliianzisha Lubbock, Texas, miaka ya 1980. Unalala kifudifudi, unachomwa ganzi, mrija unaingizwa karibu na kifandugu huku daktari akiufuata kwa eksirei mpaka kwenye kovu. Hapo hupitishwa maji ya chumvi na dawa za kulegeza kovu na kupunguza uvimbe. Mgongo haupasuliwi upya. Huko Paducah, Kentucky, daktari Laxmaiah Manchikanti na wenzake walifuatilia wagonjwa 120 na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Baada ya mwaka mmoja, 73 kwa kila 100 waliopewa kateta walipata nafuu ya nusu au zaidi. Waliochomwa sindano ya kawaida, 12 tu. Ni kliniki moja, msiichukue kama ahadi. Maambukizi na kutoka damu vinaweza kutokea. Bima nyingine hukataa kulipa, ulizeni kabla ya kupanga tarehe. Mwenye kisukari, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, aseme mapema.

Sasa neno linalotuponza: "mshipa". Kwetu mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, hata ngiri tunaiita mshipa! Ukisema "mshipa unauma", mkalimani anaweza kupeleka habari nyingine kabisa. Eleza unavyohisi: unachoma kama umeme, umekufa ganzi, unashuka hadi kidole gani.

Mkalimani wa bure ni haki yako katika hospitali inayopokea fedha za serikali kuu. Usimtume mtoto wako. Mama atamwambiaje binti wa miaka 12 habari za mkojo? Na habari hizo ndizo za haraka: mkojo ukiziba au ukitoka wenyewe, sehemu za siri zikifa ganzi, mguu ukilegea ghafla, usingoje miadi. Piga 911 usiku huohuo.