Praima ya Ndege ya Kujiundia

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo nilipendalo nje ya kazi za ofisi. Nimechagua jambo linaloonekana dogo: praima, yaani rangi ya kwanza inayopakwa juu ya alumini ya ndege ambayo mtu anaiunda mwenyewe. Ndani yake mna kemia mnayofundishwa hapa shuleni, na mna uamuzi ambao fundi hana budi kuufanya kwa akili yake.

Watu kujiundia ndege si ndoto. Huko Marekani chama chao, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny. Sheria ya huko inataka sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na waundaji wenyewe, kwa kujifunza au kwa kujiburudisha. Kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon huwauzia watu hao vipande vya ndege za alumini, na zaidi ya ndege 10,000 za namna hiyo zimekwisha kuruka. Kila muundaji hufika mahali pa kujiuliza: nipake nini, na nipake wapi?

Kwanza lazima aijue alumini yake. Alumini safi ni laini mno kubeba ndege. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba ikichanganywa na shaba kidogo na magnesi, ikapashwa moto na kupozwa ghafula, huzidi kuwa ngumu kadiri siku zinavyopita. Mchanganyiko unaotumika sana katika ndege siku hizi huitwa 2024, na una shaba kiasi cha asilimia 4. Shaba hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo udhaifu wake. Unyevu wenye chumvi ukiingia, shaba na alumini huwa kama betri ndogo ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa, ikageuka unga mweupe.

Kwa sababu hiyo viwanda hulivika bati la 2024 ngozi ya alumini safi pande zote mbili. Bati la unene wa milimita 0.8 huwa na ngozi ya milimita 0.04 hivi kila upande. Ngozi hiyo huliwa kwanza ili kilicho ndani kipone. Aina nyingine, 6061, haivikwi ngozi, lakini ina shaba kidogo sana na hustahimili kutu vizuri zaidi.

Wako wasemao kwamba bati lenye ngozi halihitaji praima. Wana hoja. Cessna nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kiwandani bila praima ndani ya mabawa, na nyingine zinaruka hadi leo. Lakini kila tundu la ribiti, kila ukingo uliokatwa na kila mkwaruzo huiacha 2024 uchi. Tena, ndege inayolala katika nchi kavu si sawa na ile inayolala Tanga au Mombasa, ambako mabati ya nyumba zetu yenyewe hayadumu kwa upepo wa bahari.

Mahali pa hatari zaidi ni pale bati linapolala juu ya bati. Maji yakiingia hapo hayakauki upesi, wala jicho halioni. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipasuka angani huko Hawaii, sehemu ya paa ikang'oka, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ndege hiyo ilikuwa imekwisha ruka mara 89,680. Uchunguzi ulionyesha kwamba gundi ya maungio ya mabati ilikuwa imeachia, unyevu na kutu vimeingia, na nyufa zimeanzia kwenye matundu ya ribiti. Ile ilikuwa ndege kubwa ya abiria, lakini maungio ni maungio. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa, apake ipi? Praima ya zamani ni ile ya kromati ya zinki, yenye rangi ya manjano au kijani. Huzuia kutu vizuri sana, kwa kuwa kromati huifikia hata sehemu iliyokwaruzwa na kuituliza. Lakini vumbi na ukungu wake huleta saratani ya mapafu. Ya pili ni praima ya asidi, inayouma chuma ili rangi ishike. Ni nyepesi na rahisi kupaka, ila peke yake hupitisha unyevu, hivyo hutaka rangi nyingine juu yake. Ya tatu ni epoksi ya makopo mawili yanayochanganywa. Hiyo hufunga unyevu nje, nayo mafuta ya ndege hayaiondoi. Ubaya wake ni uzito, na mvuke unaotaka barakoa yenye vichujio vya kemikali. Kitambaa puani hakitoshi.

Juu ya uzito, vijana, tufanye hesabu. Tabaka la maikroni 25 juu ya mita 1 ya mraba ni sentimita za ujazo 25. Ikiwa kila sentimita ina uzito wa gramu 1.5, hiyo ni gramu 37.5. Kwa mita za mraba 100, ni karibu kilo 4. Ukipaka mara mbili, umekwisha punguza mzigo wa abiria.

Lakini praima yoyote ni bure juu ya bati chafu. Fundi huliosha, hulisugua kidogo kwa pedi ya nyuzi za plastiki, wala hatumii stiliwaya, kwani chembe za chuma zikibaki huanzisha kutu. Hasugui kwa nguvu asije akaimaliza ile ngozi. Kisha humwagia maji safi. Maji yakitanda kama kioo, bati ni safi. Yakijikusanya matone matone, mafuta yangalipo, na kazi inaanza upya.

Maoni yangu ni haya. Mtu anayeunda ndege hufanya hivyo nyumbani, mlango wa pili kutoka wanakolala watoto wake. Kiwanda kinaweza kuwa na chumba maalumu cha kromati; yeye hana. Basi na atumie epoksi isiyo na kromati, aipake nje mbali na watu, na aipake panapostahili: kwenye maungio yote, sehemu za chini ambako maji hutuama, na kila alumini inapogusana na chuma. Bati lenye ngozi lililo wazi na kavu anaweza kuliacha. Ndege za pwani azipake zote ndani, akubali kilo hizo 4.

Na kazi hiyo aifanye kabla ya kupiga ribiti. Bawa likishafungwa, hakuna mkaguzi atakayeona kama bati la ndani lilioshwa au halikuoshwa. Anayejua ni yeye aliyelifunga, na ndiye atakayekaa kwenye usukani.