Kigari Kipo, Njia Iko Wapi?

Wasikilizaji wetu watukufu, tangazo la juma hili mmekwisha kulisikia, na wengi wenu, kwa kadiri ya simu zilizopigwa hapa kituoni, mmelipokea kwa furaha: ya kuwa katika mbio za hisani zitakazopita Nyamache, mzazi atakayependa kukimbia huku akimsukuma mwanawe kigarini ataruhusiwa, na jina lake litaandikwa kama la mkimbiaji mwingine yeyote. Hatuna haja ya kulirudia, wala hatuna inadi nalo. Kinachotutia wasiwasi ni yale ambayo hayakuulizwa siku lilipotolewa: ni kigari gani, na kitapita wapi?

Kigari cha mtoto si kigari cha mbio. Twalisema hili polepole, na tutalisema tena, maana aghalabu mzazi hununua alichokiona kwanza pale Daraja Mbili, Kisii mjini, madhali bei ni nafuu na kitambaa kingali kizima. Kile kigari chepesi chenye kukunjwa mfano wa mwavuli, alichokibuni Mwingereza Owen Maclaren mwaka 1965, baada ya kazi yake ya uhandisi kwenye magurudumu ya ndege za vita za Spitfire, kiliundwa ili kibebwe kwa mkono mmoja na kipakiwe garini bila taabu. Na kwa kazi hiyo hakina aibu. Lakini magurudumu yake ni madogo, magumu, yenye kugeuka kila upande, na yakikutana na jiwe moja la murram katika mwendo wa mbio hukwama papo hapo, ilhali mtoto angali anakwenda mbele. Kigari cha mbio kilikuja baadaye, katika miaka ya themanini, huko Yakima, Marekani, kwa mtu wa gazeti aitwaye Phil Baechler, ambaye hakutaka kuyaacha mazoezi yake wala kumwacha mwanawe, akafunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari, na mwaka 1984 akakifanya biashara. Kigari cha mtoto si kigari cha mbio.

Basi mzazi aanzie penye gurudumu la mbele. Asitazame rangi, wala kile kishikio cha kikombe cha kahawa ambacho hatujui ni nani katika milima hii atakayekitumia. Atazame gurudumu la mbele. Je, ni kubwa? Lina tairi ya upepo? Laweza kufungwa lisigeuke? Gurudumu lenye kugeuka lafaa kwa kutembea sokoni, lakini katika mbio huanza kutikisika, na likisha kutikisika laweza kujipinda ghafula na kukiangusha kigari chote. Na zaidi ya hayo, je, limekazwa? Februari 2018 tume ya Marekani yenye kusimamia usalama wa bidhaa iliishtaki kampuni ya Britax kwa ajili ya vigari vyake vya BOB, ikidai kwamba gurudumu la mbele, lililofungwa kwa komeo la kufunguka upesi, liliweza kuchomoka kigari kikiwa mwendoni, na ikataja taarifa zipatazo 200 za namna hiyo tangu mwaka 2012. Kampuni ilishikilia kwamba bidhaa yake ni salama, lakini Novemba mwaka huo huo shauri likaisha kwa mapatano, na wenye vigari vya zamani wakaahidiwa vipuri vingine au punguzo la bei. Habari hizo ziliwafikia walionunua vigari vipya huko ng'ambo. Aliyenunua kwa mitumba, bila kijitabu, bila risiti, ni nani aliyempelekea habari?

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mpeleke fundi wa baiskeli. Fundi wa baiskeli ataling'oa gurudumu la mbele na kulirudisha, atajaza upepo, na atakwambia kwa yakini kama tyubu ya kipimo hicho hupatikana hapa. Maana tyubu ya inchi 12 au 16, zile za baiskeli za watoto, hupatikana kwa urahisi, lakini ya kipimo kigeni itakuacha na kigari kizuri kilichoegeshwa uvunguni.

Sasa kuna huu mteremko. Watu wa nchi tambarare waweza kuipuuza breki. Sisi tunaoishi ambako lori la majani chai hushuka likiunguruma kwa gia ndogo hatuwezi. Breki ya kuegeshea, ile ikanyagwayo kwa mguu, haitoshi, kwa kuwa kazi yake ni kukizuia kigari kilichokwisha kusimama; yatakikana breki ya mkono, yenye kupunguza mwendo kidogo kidogo, na yatakikana ile kamba ifungwayo kwenye kifundo cha mkono, ili mzazi akijikwaa kigari kisiende peke yake bondeni. Wako wanaoiona kamba hiyo kuwa pambo. Waifunge. Mtoto naye afungwe mkanda wa sehemu tano, mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja, hata kama amelala, hata kama analia.

Umri ni jambo fupi: chini ya miezi sita asikimbizwe, na baada ya hapo mzazi aulize kwanza kliniki anakompimisha mtoto uzito, kama shingo imekwisha kukaza. Na leso, ambayo imetulea sote mgongoni mwa mama au mgongoni mwa omoreri, yaani yaya, ni kwa kutembea. Kukimbia nayo hasha.

Haya yote mzazi ayatimize. Akiisha, atoke nje. Njia ya miguu iko wapi? Atakuta lami imekatika kwa ncha kali, baada yake kokoto, baada ya kokoto mtaro usiofunikwa, na katika ule upenyo mwembamba uliobaki bodaboda mbili zikipishana. Tumelisema jambo hili katika maoni haya mara nyingi kiasi cha kuwachosha wengine, nasi tutalisema mpaka tuchoke sisi. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 ilizaa mamlaka tatu za barabara, Katiba ya 2010 ikaziongezea serikali za kaunti, na mama wa Nyamache mwenye kigari hajui aende kwa nani. Huambiwa akimbie upande wa kulia, ayakabili magari yajayo. Ayakabili akiwa amesimama wapi?

Nchi hii ya Wagusii imemzaa Naftali Temu, aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968, ikamzaa Yobes Ondieki, mtu wa kwanza kuyakimbia masafa hayo hayo chini ya dakika 27, kule Oslo mwaka 1993. Haihitaji kufundishwa kukimbia. Inahitaji njia ya miguu.

Enyi waandalizi, fungeni barabara siku hiyo, yote, wala si nusu yake, na vigari vianze nyuma ya wakimbiaji wengine! Enyi wazazi, kama barabara haikufungwa, msiende! Mwacheni mtoto kwa nyanyake mkakimbie peke yenu! Enyi wazee wa mitaa, msikubali lami nyingine iwekwe hapa pasipo njia ya miguu kando yake! Na siku wahandisi watakapokuja na kamba zao za kupimia, nendeni na vigari vyenu, vitupu, bila watoto, mvipange ukingoni mwa barabara, na mhandisi mkuu aombwe kwa taadhima zote akisukume kimoja kutoka sokoni hadi kituo cha kupimia majani chai, saa ile ile lori linapopita.