Wavu Ukivuka Mpaka: Maneno Yetu kwa Wavuvi wa Ziwa Tanganyika



Ziwa hili ni la nchi 4: Kongo ina takriban asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Ramani inaonyesha mipaka wazi. Majini hamna nguzo wala uzio. Mvuvi huwasha taa usiku akingojea ndagala, upepo ukamsukuma, na alfajiri akajikuta mbele ya askari wa nchi nyingine. Wavu huchukuliwa, injini huchukuliwa, naye hulala mahabusu. Kesho yake vijana wa kwetu humvizia mvuvi yeyote wa ng'ambo ili walipize kisasi, ijapokuwa huyo hakumnyang'anya mtu kitu.

Nasi tuna la kukiri. Wengi wenu mmeacha kutuletea mashitaka kwa sababu mliona samaki waliokamatwa wakitoweka bila karatasi yoyote. Lawama hiyo tunaipokea. Kila kinachokamatwa sharti kiandikwe mbele ya mwenyewe na mashahidi wawili, naye apewe nakala. Asiyepewa aje kuidai kwa mkuu wa kituo, bila hofu.

Tarehe 12 Juni 2003, mjini Dar es Salaam, nchi zote 4 zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa hili kwa pamoja, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Kutokana na ushirikiano huo uvuvi umekuwa ukisimamishwa kwa miezi 3. Tanzania, kwa mfano, ilifunga upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ndagala aliyeachwa akue upande mmoja ndiye atakayeingia wavuni upande wa pili. Hata hivyo, tunajua miezi hiyo ni mizito: mama mwenye watoto sita hapiki mkataba. Akija kutueleza shida yake, tusimjibu kwa virungu.

Chombo kikipotea njia, mvuvi asikimbie wala asitupe wavu. Aonyeshe kitambulisho na kueleza alikotoka. Jamaa zake watuletee siku hiyo hiyo jina lake, namba ya mtumbwi na saa aliyoondoka, ili tuwasiliane na wenzetu wa ng'ambo kabla vijana hawajaingia majini.