Kuvumwani ya Mapaa na Maisha ya Fundi

(Hotuba ya ndugu mmoja, fundi wa mapaa, mbele ya mkutano wa wanachama uliofanywa Ganjoni mwezi wa Machi)



Nimetakiwa niseme habari ya mapaa. Nimesikia wengine wakicheka huko nyuma, ati mapaa yana nini na chama? Ngojeni kidogo.

Hapa Ganjoni nyumba nyingi za zamani zimeezekwa vigae vyekundu vya Mangalore. Vigae hivyo vilianza kutengenezwa kiwandani huko Bara Hindi mwaka 1865, vikaja kwetu kwa vyombo vya baharini. Ni vigae vizuri. Lakini mvua za mwaka zikiisha, yatazameni mapaa hayo: upande mmoja ni mwekundu, na upande wa pili umeota kijani, chororo kama zulia. Hiyo ndiyo kuvumwani. Mara nyingi upande huo ni wa kusini, na sababu yake ni wazi. Tangu Aprili mpaka Septemba upepo ni kusi na mvua yapiga kutoka huko, nalo jua limehamia kaskazini, basi upande wa kusini haukauki. Pakiwa na mwembe au mkungu uliolalia paa, hali huzidi.

Ule weusi tu, kama masizi, hauna neno. Ni uchafu wa macho. Kuvumwani ni mbaya zaidi. Haina mizizi, lakini hunywa maji kama sponji, ikajaza nafasi kati ya kigae na kigae, na maji yakarudi chini kwenye mbao na misumari. Hata hivyo nawaambieni, haibomoi nyumba kwa wiki moja. Yaweza kungoja.

Tajiri mmoja hakutaka kungoja. Ilikuwa mwezi wa Mei, na wageni wake walikuwa wanakuja Jumamosi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Ngazi ilikuwa fupi, kamba hakuna. Mimi ndiye niliyemwambia kijana wangu panda, kwa maana niliogopa kazi itapewa mtu mwingine. Alikanyaga pale kijani, akashuka pamoja na vigae, akaangukia ukuta wa ua. Alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembelea gongo. Tulilipwa nusu siku, kwa kuwa kazi haikumalizika.

Sasa kazi yenyewe. Wakati wake ni kaskazi, Januari na Februari, paa likiwa kavu. Kwanza kata matawi, jua liingie. Funga ngazi juu na chini, nawe mwenyewe ujifunge kamba. Kwangua kwa ubao, si kwa chuma, ukitoka juu kushuka chini, na uchafu utie guniani usizibe mifereji. Halafu paka dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, uiache kama dakika 15, kisha usuuze. Lakini kabla ya yote ondoa bomba liendalo kwenye birika! Sisi watu wa kisiwa tunajua maji ya shida. Nyumba ngapi hunywa maji ya paa? Wala usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa inayoziba pumzi.

Mabati usiyatie klorini, yataliwa. Maji, sabuni na brashi laini yatosha. Mashine ya maji ya nguvu iacheni, hupasua vigae na kusukuma maji ndani.

Kuna mapaa ya asbesto, yale ya kijivu yenye mawimbi, bado yapo katika majengo ya zamani. Hayo msiyakwangue kabisa, wala msiyakanyage. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi, wakati tajiri wako amekwisha kukusahau. Ni kazi ya wenye kibali cha NEMA.

Wengine hupigilia utepe wa shaba au zinki chini ya kilele cha paa. Mvua ikipita juu yake, kuvumwani haioti. Ni kweli yafaa kwa vigae. Ila shaba hapa mjini haikai, nanyi mwajua kwa nini.

Ndugu, iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri aweke mahali pa kazi salama. Iko na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo. Mtu akiumia, mwajiri apewe habari mara moja, kwa mdomo au kwa barua, naye ana siku 7 kumpelekea Mkurugenzi taarifa. Sisi siku ile hatukumpelekea mtu habari. Tulibeba mgonjwa kwa mkokoteni, tukanyamaza. Kumbe wafanya kazi wa mji huu waligoma mwaka 1947, na sisi tulishindwa hata kuandika barua moja.

Mvua za mwaka zimekaribia. Tajiri akikuita Mei upande paa la kijani, mwambie litafanywa kaskazi. Akikataa, njoo kwa Katibu, usiende peke yako. Na kwa kazi ya kaskazi ijayo naomba tuchange tununue kamba mbili na mikanda yake, zikae ofisini, kila mwanachama aazime kwa kutia sahihi. Mimi naanza na shilingi 1,000, hizi hapa mezani.